Kabati la Wageni

Kuna watu wakienda sokoni kununua mhogo hawauangalii, wanaupima kwa mkono tu. Mwalimu Mkuu wetu, Hironimus, alichagua vitabu kwa njia hiyohiyo. Alikiweka kitabu kiganjani, akakipandisha, akakishusha, na kisipomchosha mkono alikirudisha akisema, "Hiki cha watoto." Sasa mimi nauliza, shule ya msingi ina nani tena zaidi ya watoto? Lakini nani angethubutu kumuuliza, wakati yeye ndiye mwenye funguo zote na kengele juu yake.

Nilikuwa nafundisha hesabu kwenye shule hiyo, hapa Songea, upande wa Mfaranyaki, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Na wala si Hironimus ninayetaka kumsimulia. Huyo habari zake ni fupi. Nataka kumsimulia Emerensiana, mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke mnene, mkali, aliyekuwa anakuja kazini wakati wa mvua na viatu mkononi, anaosha miguu kwenye dimbwi la nje, anavaa viatu, halafu anaingia kana kwamba ameshushwa na gari. Hakuwa mtakatifu. Alikuwa mbishi, alikuwa na maringo, na ukimsalimia wakati anasoma hakuitikii. Watu walisema hakuolewa kwa sababu ya mdomo wake. Mimi nasema wanaume wa Songea waliponea chupuchupu.

Alizaliwa vijijini, upande wa Peramiho, na utoto wake wote alikuwa na kitabu kimoja tu cha hadithi. Habari za fisi aliyejifanya padri. Alikisoma mpaka akakijua, isipokuwa mwisho, kwa maana mwisho baba yake aliusokotea tumbaku. Karatasi zake zilikuwa nyembamba, alisema mzee, zinashika moto vizuri. Emerensiana alikuwa mtu mzima, mwalimu mwenye mshahara, na bado ukimgusa hapo alichemka. "Mpaka leo sijui kama yule fisi walimkamata," aliniambia siku moja, na alikuwa amekasirika kweli, kama mtu aliyeibiwa jana.

Basi ulikuwa mwaka wa tisini na nne, wakati kila kitu ni ruksa. Mitumba ruksa, vyama vya siasa ruksa, korosho za Tunduru anunue anayetaka. Na vitabu vya shule navyo vikaingia kwenye huo msafara. Zamani vilitoka mahali pamoja, vikifika vimefika, visipofika unaandika ubaoni. Sasa wachapishaji wakawa wengi, ukaja mradi wa vitabu, na watu wa mradi wakasema shule ichague yenyewe. Ichague yenyewe! Watu ambao toka wazaliwe walichaguliwa mpaka zao la kulima, leo unawaambia wachague.

Wakachagua. Kamati ilikuwa Hironimus, na pembeni yake Rupert, mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenye duka la misumari na mabati. Walipofika kwenye kifungu cha wasomaji hodari, yaani watoto waliokwisha kuwapita wenzao, Rupert alisema mtoto mwenye akili asipotezewe muda na hadithi. Hironimus akapima kwa kiganja. Vikanunuliwa vitabu vya maana: hifadhi ya udongo, kanuni za vyama vya ushirika, na kimoja cha ufugaji wa nyuki ambacho hata nyuki wenyewe wangelala. Vyote vinene. Walitoka kwenye kile kikao wanapongezana.

Na tulikuwa na msomaji hodari wa kweli. Jina lake Subira, binti wa Muhsini, mfanyabiashara aliyehama Nalasi kule Tunduru biashara ya korosho ilipofunguliwa, akapanga nyumba Mfaranyaki. Mtoto wa darasa la tatu, mwembamba, kimya. Kitabu cha darasa alikimaliza kabla wenzake hawajajua kimekaa upande gani. Baada ya hapo alisoma gazeti lililofungia vitumbua, mfuko wa mbolea, tangazo la chama lililobandikwa kwenye mti, na karatasi ya dawa ya minyoo yote mpaka chini. Darasani Emerensiana alimtazama kwa wivu kidogo, maana alijiona mwenyewe pale.

Hironimus alipogundua hazina hii alifanya nini? Aliifanya kasuku. Kila akija mgeni, Subira anaitwa mbele, anapewa gazeti, anasoma, mgeni anapiga makofi, Hironimus anavimba. Na zawadi ya kusoma vizuri ilikuwa kitabu kinene. Alianza na udongo. Mtoto wa watu akakisoma chote, akakirudisha, akasimamishwa mstarini asubuhi kueleza mbele ya shule nzima aina za mmomonyoko. Akapewa ushirika. Akakisoma nao. Akasimamishwa tena. Halafu wakampa nyuki.

Baada ya nyuki, Subira akaanza kukwama. Akiitwa kusoma, anasitasita, anarudia, anakuna kichwa. Walimu tukasema mtoto amepungua, labda ni malaria. Emerensiana peke yake ndiye aliyeweka sikio vizuri. Akaniita kando.

"Msikilize," akasema. "Kwenye 'mama' anakwama. Kwenye 'mmomonyoko' anapita kama maji."

Akamweka chini chumba cha darasa kilipobaki kitupu, akamuuliza kwa upole, na upole wa Emerensiana ulikuwa kitu cha kutisha, mtu alisema kweli upesi ili uishe. Subira akatazama sakafu.

"Nikisoma vizuri mnanipa kingine," akasema.

Emerensiana aliponisimulia alikuwa amenipa mgongo. Nilidhani analia, kumbe ni hasira. Tumemfundisha mtoto kusoma, alisema, halafu tumemfundisha kusoma vibaya.

Ubaya wa mambo, mkaguzi akaja. Hironimus hakuwa na habari za kukwama, au alizisikia akazipuuza, akamwita kasuku wake mbele. Subira akasimama, akashika gazeti, akasoma kama mzee anayepanda mlima na gunia. Mkaguzi akaangalia saa yake. Mgeni alipoondoka Hironimus alirudi na uso umebadilika rangi, akatoa hukumu palepale barazani: Subira atarudia darasa la tatu. Amemwaibisha. Majina ya wanaopanda darasa yangesomwa siku ya kufunga shule, Desemba, na la kwake halitakuwemo.

Muhsini akaitwa kuambiwa. Alikuja na kofia yake na adabu zake, akasikiliza mpaka mwisho.

"Alhamdulillahi, nimeelewa," akasema. "Lakini kama ni kurudia, Mwalimu Mkuu, basi arudi Nalasi kwa bibi yake. Huko mikorosho haina darasa la kurudia. Siku ya kufunga shule bibi yake atakuja kumchukua."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu mwenye hasira unaweza kumtuliza. Nalasi kulikuwa na shule, sikatai, na kuna walimu kama sisi. Lakini bibi alikuwa peke yake shambani, na mtoto anayepelekwa kumsaidia bibi msimu wa korosho tunajua anaonekana darasani mara ngapi. Emerensiana alikuwa na muhula mmoja wa kumfanya Subira asome tena mbele za watu, kwa kupenda mwenyewe. Kwa fimbo asingeweza. Kwa kitabu cha nyuki ndiyo kabisa.

Mungu si Athumani. Hironimus akaitwa semina Mbeya, semina ya uongozi bora, na wakati yuko huko akijifunza uongozi bora na kula nyama, gari la mradi likarudi na sampuli za vitabu. Safari hii kila mwalimu wa darasa aliruhusiwa kuchagua boksi moja. Mimi nilichagua vya hesabu, nikamaliza kabla chai haijapoa. Emerensiana alimweka mwenye gari siku nzima na kesho yake, mpaka yule kijana akalala Songea bila kupanga.

Njia yake nitaieleza kwa sababu sijaona mwingine akiitumia. Alingoja kengele ya kwenda nyumbani ikaribie, ule wakati watoto wana njaa na roho zao zimekwisha kufika jikoni. Hapo anafungua kitabu, anawasomea ukurasa wa kwanza. Kengele inalia. Yeye anaendelea kusoma tu, bila kusema kaeni wala nendeni. Kitabu ambacho watoto walikikimbia, anarudisha kwenye gari. Kile ambacho kengele imelia na wao hawakuisikia, anaweka kando. Mwenye gari alimuuliza kama kuna fomu ya vigezo. Emerensiana akamwambia vigezo ndivyo hivyo vimekaa, avihesabu vichwa kama anataka.

Lakini Subira alimsumbua. Vitabu vilivyowashika wenzake yeye alivitazama kama mtu aliyeshiba anavyotazama uji. Alikuwa amevipita. Kwa hiyo kwa ajili yake, na wengine wachache wa namna yake, Emerensiana akabuni jambo jingine. Alisoma kitabu mpaka mahali pazuri, akakilaza mezani kikiwa wazi, akasema anakwenda kutafuta chaki. Chaki anayo mfukoni. Anasimama nje ya ukuta, anakuna mkono, anarudi. Vitabu kadhaa alivikuta vilevile. Halafu kimoja akakikuta kurasa zimesogea. Subira amekaa mahali pake, mikono amekunja, macho dirishani, mtakatifu mtupu.

Kilikuwa kitabu chembamba, kina michoro na maandishi yaliyobanana, habari za nahodha wa meli ya Ziwa Nyasa aliyekuwa anaogopa maji. Hakuna aliyejua siri yake ila binti wa mpishi wa meli. Emerensiana akakitia kwenye boksi, na vingine vyake alivyovipata kwa njia hiyohiyo ya chaki, akamwambia mwenye gari sasa anaweza kwenda.

Hironimus akarudi kutoka Mbeya na mkoba mpya. Akafungua boksi la darasa la tatu. Alipoona vitabu vyembamba vyenye picha alicheka puani. Alikipima kile cha nahodha kiganjani akakirusha juu kama karanga. Ila vilikuwa vipya, vinang'aa, vinanukia duka, na hapo ndipo ugonjwa wake mwingine ulipomshika.

"Vitabu vizuri hivi," akasema, "viende kwenye mikono yenye mafuta ya vitumbua? Viingie kabatini."

Kabati lile lilikuwa ofisini kwake, la vioo, na lilikuwa na sheria moja: linafunguliwa akija mgeni. Si yeye aliyeianzisha, nimkubalie hilo, ilikuwepo karibu kila shule. Kitabu kikipotea mwalimu mkuu anaulizwa, kisiposomwa hakuna anayeuliza. Kwa hiyo vizuri vinafungiwa, mgeni akija vinatolewa, watoto wanagawiwa, wanasoma, mgeni anafurahi, anaondoka, vinarudi. Panya wa ofisi ile walikuwa na elimu kuliko darasa la saba.

Emerensiana alimwendea, wakabishana mpaka watoto wakajaa dirishani. Hironimus akasema sheria ni sheria, bila mgeni hakuna kabati.

"Kwa hiyo mgeni akija, unafungua," Emerensiana akasema.

"Mgeni ni baraka, Mwalimu. Mgeni akija nafungua."

"Sawa, Mwalimu Mkuu."

Emerensiana akisema sawa, wewe tafuta mahali ujifiche.

Ijumaa iliyofuata tulipata mgeni. Alikuwa Polikarp, katekista, amevaa koti la sikukuu. Amekuja kuitembelea shule, anasema, amesikia sifa zake. Hironimus hakuamini bahati yake. Kiti cha mgeni kikatolewa, soda ikafuatwa dukani, kabati likafunguliwa, darasa la tatu likagawiwa vitabu. Subira hakuitwa mbele, maana alikuwa ameshushwa cheo. Alipewa kitabu kama mwenzake yeyote, na Emerensiana ndiye aliyegawa, basi unajua alipewa kipi. Aliinamisha kichwa na hakukiinua mpaka Polikarp alipomaliza soda.

Hapo Emerensiana akaona kosa. Polikarp alikunywa soda kama mtu anayezima moto. Ziara ilikuwa na urefu wa chupa, na chupa ilikuwa fupi. Kwa hiyo akaanza kuchagua wageni kwa uangalifu uleule aliochagulia vitabu. Alitaka wanaokunywa polepole. Akamleta Otto, fundi baiskeli, ambaye hakuwahi kukalishwa kiti cha mgeni maishani na hakutaka kukiacha, alikunywa kwa kuonja kama dawa. Akamleta mama mmoja mzee, Lidwina, mwenye meno mawili yasiyoonana, akamletea na mhindi wa kuchoma. Ziara ile ilikwenda mpaka vipindi vikaisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Ijumaa kwa Ijumaa Subira alisafiri na nahodha wake, kipande kwa kipande, na kuanzia Jumatatu alikuwa anamuuliza Emerensiana, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wiki hii anakuja nani?"

Hironimus alifurahi muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alituambia ofisini kwamba shule inatembelewa kwa sababu ya uongozi bora. Tulitazama chini, tukaendelea kusahihisha madaftari.

Aliyeharibu ni Rupert. Alipita siku moja akamkuta Otto, aliyekuwa bado anamdai yeye Rupert pesa ya tairi, amekaa kwenye kiti cha mgeni na miguu ameikunja, anahudumiwa. Rupert alitaka kupasuka. Wakajifungia ofisini na Hironimus, na jioni tukatangaziwa: kuanzia leo, mgeni ni mtu mwenye cheo. Fundi baiskeli si mgeni. Mama Lidwina si mgeni. Kabati likafungwa, na wenye vyeo, kama mnavyojua, hawapotezi Ijumaa zao kwenye shule za msingi.

Subira alikuwa amefika mahali ambapo dhoruba imeipiga meli, nahodha amekumbatia mlingoti, macho amefumba, na binti wa mpishi anapanda ngazi kumfuata. Amebakiza kipande cha mwisho. Kile kipande tu.

Siku ile Emerensiana alitembea mpaka nyumbani kwake na viatu mkononi ilhali jua linawaka. Alikuwa amesahau kuvivaa. "Tumbaku," aliniambia. "Yuleyule mzee na tumbaku yake." Nikamwambia basi mwambie mtoto mwisho wake, si umekisoma. Alinitazama kwa dharau mpaka nikajutia mdomo wangu.

"Mwisho hauambiwi," akasema. "Unausoma mwenyewe au unaukosa."

Na Subira, wala hakuomba aambiwe. Alirudi kwenye ukimya wake. Akiitwa kusoma alikwama, tena sasa alikwama bila hata kujitahidi kuigiza. Novemba ikaenda hivyo.

Siku ya kufunga shule mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, uwanja una tope, wazazi wamekaa kwenye madawati yaliyotolewa nje barazani. Afisa elimu alikuja, mtu wa makamo, mchovu, macho ya mtu aliyekwisha sikiliza ngonjera katika shule nne wiki hiyo. Muhsini alikuja, na pembeni yake bibi wa Nalasi, Bibi Ashura, aliyefika jana yake juu ya lori, kanga mbili, uso mkavu. Miguuni kwake kulikuwa na furushi kubwa la nguo za Subira, limefungwa kwa kamba. Nikaona Emerensiana anaitazama ile kamba kuliko alivyomtazama afisa.

Alimwendea bibi, akainama. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Ndiye mimi."

"Wanasema hajui kusoma."

"Wanasema mengi, Bibi. Njoo ukae huku mbele." Akamkalisha kwenye kiti cha pili cha wageni, kilichokuwa kimewekewa Rupert aliyechelewa, akampa na soda ya Rupert. Hironimus aliona, lakini angefanya nini, amwinue bibi kizee mbele ya afisa?

Kabati lilibebwa zima likaletwa barazani, milango wazi, vile vinene vimepangwa mbele ili vionekane. Hironimus akamwita Calvin, mtoto wa dada yake, asome. Calvin akasoma kuhusu nyuki, ukurasa aliokuwa ameukariri wiki nzima, akaumaliza bila kupumua. Afisa akasema vizuri, kwa ile sauti ya kusema vizuri.

"Mwingine," akasema.

Kabla Hironimus hajafungua mdomo, Emerensiana alikuwa amesimama. "Subira Muhsini."

Hironimus alikohoa. Alikohoa tena. Subira akainuka, akapita mbele ya watu wote, akafika kabatini. Mkono wake ulipita juu ya udongo, ukapita ushirika, ukapita nyuki, ukaingia nyuma kabisa. Akatoa nahodha. Hironimus akamnong'oneza aanze ukurasa wa kwanza. Subira akafungua karibu na mwisho.

Na hakusoma. Yaani, hakutoa sauti. Alisimama pale, kitabu karibu na pua, midomo imefunga, macho yanakimbia. Akafunua ukurasa. Wazazi wakaanza kutazamana. Afisa akainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu afike. Niliona wazi kwamba yule mtoto alikuwa ametusahau. Mwalimu Mkuu, afisa, Nalasi, sisi wote hatukuwepo.

Ndipo Bibi Ashura akasema, kwa sauti ya shambani, "Mjukuu wangu, unasoma au unaomba dua? Mimi sikusoma, usininyime. Nisomee na mimi."

Subira akashtuka, akamwona bibi yake. Akafikiri kidogo. "Bibi, huyu ni nahodha, anaogopa maji," akaeleza haraka, kama anayemrudisha mtu njiani. "Hakuna anayejua, ila huyu binti. Sasa kuna dhoruba na amefumba macho."

"Ehee," akasema bibi.

Akasoma. Enyi watu, akasoma. Hakukwama kwenye mama wala kwenye mawimbi. Binti wa mpishi akamfikia nahodha, akamwambia usiyaangalie maji, nahodha, fumba macho hivyohivyo, sikiliza mimi. Akawa anamwambia wimbi linatoka wapi na yeye anageuza usukani kwa kusikia tu, kushoto, kulia, mpaka taa za Liuli zikaonekana. Wale mama waliokuwa wananong'ona bei za mchele walinyamaza. Soda ya afisa ilikuwa imesimama njiani kuelekea mdomoni. Kengele ya kubadilisha shughuli ililia, kwa sababu mlinzi wetu alikuwa mtu wa saa, na hakuna aliyetikisika. Nikamtazama Emerensiana. Alikuwa anavitazama vichwa, kimoja kimoja.

Subira akafika mwisho.

"Huyu yuko darasa la ngapi?" afisa akauliza.

"La tatu, mheshimiwa," Hironimus akajibu.

"Na Januari?"

Hironimus hakupepesa hata jicho. "La nne, mheshimiwa. Ni msomaji wetu hodari."

Afisa akampongeza kwa kuchagua vitabu vizuri, vinavyomfaa mtoto aliyewatangulia wenzake, akasema shule nyingine zije zijifunze hapa. Hironimus akazipokea zile pongezi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Sijawahi kuona mtu akila chakula cha mwenzake kwa heshima namna ile. Emerensiana alikuwa ameinama anafuta tope kwenye viatu vyake, na nilijua hakusikia neno, kwa maana Muhsini alikuwa ameinama pia, upande wa pili, anaifungua ile kamba.

Subira alikuwa bado amesimama mbele. Akafunga kitabu. Akamgeukia Mwalimu Mkuu.

"Naomba kingine," akasema.

Kwa mazoea tu mkono wa Hironimus ukaenda kwenye ushirika, ukaanza kukipima.

"Hicho hapana," akasema mtoto.

Hironimus akamtazama afisa, na afisa alikuwa anasubiri. Akamtazama Bibi Ashura. Bibi alikuwa amejiegemeza kwenye kiti cha mgeni, amejifunika kanga vizuri magotini, chupa ameishika, na hakuwa ameinywa hata kidogo.

Hironimus akasogea pembeni ya kabati.

"Chagua mwenyewe," akasema.